Sabufa Mbili, Barabara ya Tisa

Shehoza kazipanga mbili juu ya kaunta,
kazipangusa vumbi kwa kiganja.
"Hii ya inchi kumi na mbili ina tundu mbele, inapumua.
Ukiigusa tu, Ngamiani nzima yajua umenunua sabufa.
Hii ya nane imezibwa pande zote,
haina makeke. Wateja hawaitaki."
Bei zapishana elfu arobaini.
Ile isiyotakwa ndiyo ghali.

Nikamwuliza kwa nini.
"Mimi nauza tu, dada."

Akaweka wimbo wake, kitu cha vijana,
kishindo juu ya kishindo.
Ile kubwa ikavuma hadi vijiko vya duka la pili
vikaanza kusemezana kwenye sinia.
Mvulana wa mizigo akatabasamu kama aliyelipwa.
Nami, nisiseme uongo, kifua kilinicheza.

Lakini sikuja kwa ajili ya kifua. Nilikuja na flashi
yenye wimbo mmoja, dakika kumi na moja,
uliotolewa kwenye kanda iliyokaa miaka thelathini
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
chini ya kitanda cha mama, Chumbageni.
Harusi ya mtu, mwaka haukuandikwa.
Fidla zipo. Kodiani ipo.
Mwimbaji yupo, anakohoa kabla ya ubeti wa tatu.
Hata glasi inayoanguka ipo.
Baba hayupo.

Baba, Mwachambi, alipiga besi,
lile dude la kusimama nalo
kama mtu anayecheza na shangazi yake mnene.
Redio ya mbao ilimmeza. Simu yangu ikammeza.
Nimekua nikisikiliza bendi yenye shimo
na kuambiwa: shimo lile ndilo baba yako.

"Weka huu," nikasema.

Ile kubwa ikamleta, ndiyo.
Akaja kama lori la mkonge linalorudi tupu:
dumu, dumu, dumu,
juu ni dumu, chini ni dumu,
debe lililosomeshwa muziki.
Huyo si baba. Baba mchana alikuwa fundi cherehani,
hakushona nguo zote kwa mshono mmoja.

Shehoza akachomoa waya, akauchomeka kwenye ile ndogo.
Nikadhani haijawaka.
"Inaimba?"
"Inaimba. Sogea."
Nikachuchumaa na buibui langu kwenye sakafu ya duka.

Halafu kidole.
Kidole kikiondoka kwenye uzi, kikitua kwenye mwingine,
na katikati kimya chembamba
kama tundu la sindano.
Akapanda, akashuka, akamngoja mwimbaji amalize kukohoa.
Na kwenye kiitikio cha pili, yarabi,
akaingia mapema.

Miaka yote mama alisema: Mwachambi, usiku ule uliwahi.
Miaka yote baba alikula kiapo: ngoma ndiyo iliyochelewa.
Walilala mzungu wa nne kwa hilo, zaidi ya mara moja.
Nikacheka hadi mvulana akaacha kutabasamu.
Nikalipa. Hata punguzo sikuomba.

Nyumbani niliiweka konani, ikavimba.
Nikaivuta hatua mbili, karibu na kabati la vyombo.
Nyuma ina swichi: upande huu baba anazama ukutani,
upande ule anakuja mbele.
Ukuta wenyewe ni mmoja na wa Bi Salimini, aliye edani,
basi nikaishusha hadi robo.

Mama kakaa mkekani, mkono juu ya kisanduku.
Dakika ya sita. Kiitikio cha pili kikapita.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."
Mara ya tatu akaondoa mkono,
akaufuta kwenye kanga kana kwamba ulilowa.
"Ngoma ndiyo iliyochelewa," akasema.

Kisha akauliza bei.
Nami nikadanganya.